Kufuli la Sista

Wateja wake ndio waliombandika jina la Shubiri, na hakuwahi kuwalaumu. Ofisi yake ya uwakili ilikuwa juu ya duka la dawa, chumba kimoja chenye feni iliyolalamika kutwa, na waliopanda ngazi zile walikuwa watu wa tiba na matunzo: wenye zahanati, madaktari wa meno, wakunga, wenye makao ya wazee. Walikuja wakitaka kuambiwa kwamba wao ni wema na serikali ni mbaya. Shubiri aliwasikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akawaambia walipokosea. Wengine walishuka ngazi wakiapa hawatakanyaga tena. Walirudi, tena wakiwa na wenzao, maana hakuna aliyefuata ushauri wake akafungiwa biashara.

Siku moja akaja Sista, muuguzi mstaafu aliyegeuza nyumba ya marehemu wazazi wake kuwa makao ya wazee. Mkaguzi wa serikali alikuwa amekuta geti lina kufuli mchana kweupe, akaandika kwamba wazee wamefungiwa kama mahabusu, akatoa muda wa mwezi mmoja. Hali isipobadilika leseni ingefutwa, na wazee wote wangetawanywa, huyu kwa ndugu asiyemtaka, yule kusikojulikana.

"Nimekuja unitetee," Sista alisema. "Lile kufuli ni la usalama. Nina mzee mmoja, fundi cherehani, kumbukumbu zimeanza kumtoka. Kila alasiri anataka kwenda kufungua duka lake, na duka lenyewe lilishauzwa zamani. Nikimwachia atapotea, atagongwa na gari. Sasa kosa langu liko wapi?"

"Kwenye kufuli," Shubiri akajibu.

"Wakili, watu hawa nawaogesha kwa mikono yangu mwenyewe."

"Najua. Lakini sheria inauliza kama ulijaribu dogo kabla ya kubwa. Umejaribu kumsindikiza? Umemuuliza yeye mwenyewe? Umekaa na bintiye mkakubaliana? Hukufanya. Uliona kufuli ni rahisi."

Sista alivimba, akashuka ngazi bila kuaga.

Kesho yake Shubiri alimfuata kwenye makao yake. Hakuwa mtu wa kushauri nyumba asiyoijua. Alijilaza vitandani aone mgonjwa anaona nini, akaonja chakula, akavuta kila kamba ya kengele. Nyumba ilikuwa safi, mashuka yananukia, na wazee walimpenda Sista waziwazi. Hapo ndipo Shubiri alipozidi kukasirika. Angekuwa mtu mbaya, Shubiri angemfukuza ofisini na kumsahau, lakini huyu alikuwa mtu mwema anayejichimbia shimo.

Akaomba ufunguo wa geti. Sista akampa, akidhani anataka kulichunguza kufuli. Shubiri akatoka nje, akafunga, akautumbukiza ufunguo mkobani.

"Nakunywa chai hapo ng'ambo," alisema. "Nitarudi."

"Wakili, nina miadi mjini."

"Pole sana, dada yangu."

Mwanzoni Sista alicheka. Kisha akagonga. Kisha akapaza sauti hadi wapita njia wakasimama. Shubiri alikunywa chai akijua anaweza kumpoteza mteja, na pengine kushtakiwa yeye. Hata hivyo hakubanduka kitini.

Kelele zilipokoma akavuka barabara. Alimkuta Sista ameketi chini kando ya geti, na ubavuni pake fundi cherehani, amevaa koti lake la kazi, vifungo vyote vimefungwa.

"Ameniambia nisigonge," Sista alisema, macho yamelowa. "Eti ukigonga hawafungui. Eti tulia tu, wakijisahau utapita. Hao 'wao' ni mimi, wakili."

Kufuli likatolewa siku ile ile, na kazi ikaanza. Mpango wa matunzo ya fundi uliandikwa yeye mwenyewe akiwepo, na binti yake akiwepo. Mhudumu mmoja akapangiwa kumsindikiza kila alasiri anakotaka kwenda. Getini ikawekwa kengele inayolia mtu akipita. Shubiri aliwapeleka puta. Wahudumu walipouliza kama hili au lile lina ulazima, aliwaambia waanze upya tangu mwanzo.

Mkaguzi akaja bila taarifa, alasiri, Shubiri akiwa sebuleni anawafundisha wahudumu. Alikuta geti wazi, kengele ikalia, akapita moja kwa moja hadi ndani, akajitupa kwenye kiti kilichokuwa kitupu.

"Yule fundi yuko wapi?"

"Ametoka," Sista akajibu.

"Ametoka, na geti liko wazi. Juzi mlimfungia, leo mmempoteza."

Mkono wa Sista ukaenda kwenye simu. Shubiri akamtikisia kichwa. Wakimwita mzee arudi kwa sababu bwana mkubwa amefika, lile kufuli lingekuwa limerudi kwa mlango wa nyuma.

"Ametoka na mhudumu, kama walivyokubaliana," alisema. "Hatumwiti. Msubiri."

Wakasubiri. Hatimaye kengele ikalia, fundi akaingia, koti begani, mhudumu nyuma yake. Akamkuta mgeni kwenye kiti chake.

"Shikamoo mzee," mkaguzi alisema. "Samahani, hapa wanakuruhusu kutoka?"

Fundi alimtazama kuanzia viatuni kwenda juu, kama anayempima suruali.

"Kuniruhusu? Hapa ni kwangu. Wewe nani kakuruhusu kuingia? Sikusikia hodi."

Mkaguzi, na kwa hili Shubiri alimheshimu daima, aliinuka kitini, akatoka hadi nje ya geti, akapiga hodi. Fundi akaketi kwanza, akatengeneza koti lake, akamwacha asimame kidogo, ndipo akasema karibu.

Safari hii mkaguzi alikaa kwenye benchi.

"Leseni yenu inaendelea," alisema. "Na nitawaleta wenzangu waje wapige hodi."

Sista alilia bila aibu. Shubiri, wakili mzima, mtu ambaye hakuna mteja aliyewahi kuona meno yake, alipiga vigelegele hadi majirani wakachungulia ukutani kuuliza nani anaolewa.