Pua ya Mbwa Wangu Siku Mama Alipopotea

Mimi hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Sisemi hivyo kwa kujisifu, ingawa nikitaka kujisifu ninayo haki. Nilitoka Kasongo na baiskeli ya kuazima, gunia la chumvi nyuma, nikaisukuma mpaka Kabambare. Kwenye matope niliibeba begani. Shule niliiacha nikiwa bado mdogo. Leo nina pikipiki mbili, butiki iliyoezekwa manjanja mapya ya bati, na wachimbaji wa Lusangi wananiletea mimi dhahabu yao kwa sababu mizani yangu haidanganyi. Nimeona watu wakitajirika asubuhi na kurudi peku jioni. Mtu wa namna hiyo utamwambia nini kipya?

Na mbwa wangu alikuwa anajulikana. Nilimnunua kule Wamaza, mbwa wa kwetu wa kuwinda, rangi ya udongo mwekundu, masikio yamesimama, wale wasiobweka. Kwa kuwa habweki, anafungwa kengele ya mti shingoni ili wawindaji wamfuate porini kwa mlio. Bei niliyotoa iliwafanya watu wa Wamaza waulizane kama mimi ni mzima. Niliwajibu kwamba wengine wananunua miguu minne, mimi nanunua pua.

Siku ninayoisimulia ilikuwa ya kuwinda. Kwetu, alfajiri ya kuwinda, mbwa anatiwa dawa ya pua. Majani yanasagwa pamoja na pilipili, maji yake yanakamuliwa ndani ya matundu. Mbwa anapiga chafya, anatoa makamasi, anazungukazunguka uani, na sisi tunasema harufu za nyumbani zinamtoka, sasa atashika za porini tu. Baba yangu alifanya hivyo, na baba yake. Wengine wanatia matone. Mimi nilikamua mpaka majani yakakauka mkononi, kwa sababu mbwa wa bei ile hawezi kupewa dawa sawa na mbwa wa mtu yeyote.

Kabla hatujaondoka, dada yangu mkubwa akapiga simu. Mama hayuko.

Mama anaishi kwa dada, kwenye nyumba ya mwisho kabisa nje ya Kabambare, njia ya kwenda Wamaza. Ni mzee sana, na siku hizi kichwa chake kinaenda na kurudi. Asubuhi anakutania kama zamani, mchana anakuuliza wewe ni mtoto wa nani. Miguu tu ndiyo haijazeeka, na hiyo ndiyo ilikuwa hofu yetu. Nyuma ya nyumba kuna mashamba ya muhogo yaliyoachwa, baada ya mashamba kuna bonde lenye kijito, na baada ya kijito ni pori ambalo hata mimi siingii peke yangu.

Nilimpakia mbwa mbele yangu kwenye pikipiki. Nilipofika, watu walikuwa wamekwisha kutawanyika mashambani, majirani, vijana, watu wa msikiti na wa kanisa pamoja, wakigonga masufuria na madebe na kumwita kwa sauti kubwa. Ndivyo tunavyomtafuta aliyepotea hapa kwetu. Tunapiga makelele ili popote alipo ajue watu wako upande gani. Mimi nikawaambia wapumzike kidogo, mwenye kazi amefika. Nikatoa kitenge ambacho mama alikuwa amelalia, nikamwekea mbwa puani.

Mbwa akageuza uso. Nikamwekea tena. Akapiga chafya, akalala, akajisugua pua kwa mguu wa mbele, machozi yakimtiririka. Nikamvuta mpaka mlangoni, mahali mama alipokanyaga akitoka. Alitembea kidogo, akaingia jikoni, akasimama mbele ya moshi kama mtu aliyesahau kilichomleta.

Jirani mmoja akasema mbwa amelogwa, na kila mtu alijua mimi nina nani mjini anayenionea wivu. Nami kwa muda nilimfikiria huyo mtu, hata nikapanga nitakalomwambia. Lakini muda ulikuwa unakwisha. Upande wa Lusangi mawingu yalikuwa yanakusanyika, na mvua ikinyesha harufu ya nyayo inakwisha. Hilo halihitaji shule. Mama alikuwa ametoka na nguo moja mwilini. Mzee kama yule akilowa mpaka jioni, hutamkuta mzima.

Nikamtuma dereva wangu akamlete veterinere kutoka Kabambare. Huyo ni mama kijana, anatibu mifugo ya teritwari nzima kwa pikipiki yake mwenyewe. Alifika uso umekunjwa, kwa sababu dereva, ili amharakishe, alikuwa amemwambia kuna ng'ombe anakufa.

"Ng'ombe iko wapi?"

"Ng'ombe hakuna, madamu. Iko mbwa. Imekataa kazi."

Alinitazama kutoka kichwani mpaka kwenye viatu. Kisha akapiga magoti, akamshika mbwa taya, akagusa pua kwa kidole, akagusisha kidole kwenye ulimi wake. Akatema mate.

"Mulitia pilipili humu."

"Kidogo tu."

"Papa patron, kidogo ya mutu kama weye iko kiasi gani?"

Watu wakacheka, hata pale, hata mama akiwa amepotea. Nilimweleza kwamba ni dawa ya kufungua pua, ya tangu babu zetu. Akaniuliza, bila kupandisha sauti, kama akinitia ile dawa machoni halafu akanipa dhahabu ya kupima, nitaipima vizuri? Alimwomba dada maji yaliyochemka, akatia chumvi kidogo, akayaacha yapoe, na wakati tunangoja akanieleza. Naandika nilivyomwelewa.

Alisema pua ya mbwa haijafa. Ndani kabisa, jirani na ubongo, kuna ngozi laini iliyokunjwakunjwa, na katika ngozi hiyo zimejaa chembe za neva zisizohesabika, kila moja imetoa vinyweleo vyake kwenye ute. Kwingine mwilini neva zimejificha chini ya ngozi. Hapo tu ndipo zinapotoka mpaka nje kugusa hewa. Mtu akipita anaacha vumbi lake dogo lisiloonekana. Likitua kwenye ute, likakutana na kinyweleo kinachokubaliana nalo, ile chembe inastuka, inapeleka umeme mdogo mpaka kwenye ubongo, na ubongo unajua ni nani aliyepita. Pilipili haizungumzi na chembe hizo. Inazungumza na neva nyingine, za moto na maumivu, na hizo zikistuka pua inavimba, inajaa maji, inajifunga. Vumbi la mama lilikuwa pale mlangoni, ila halipiti.

Nilielewa haraka kuliko alivyotegemea. Buji, ile plagi ya pikipiki, ikilowa, cheche hairuki, hata kama injini ni mpya. Nilimwambia hivyo. Alikubali kwamba iko karibu, ila buji unaifungua na kuifuta, pua hapana. Pua unaisubiri.

"Tutaisubiri mpaka saa ngapi?"

"Labda jioni. Labda kesho. Mimi sikuitengeneza."

Akamsafisha kwa bomba la sindano lisilo na chuma, taratibu, maji yakiingia tundu moja na kutoka jingine. Mimi nilimshika kichwa. Kule mashambani masufuria yalizidi kulia. Upepo ulikuwa umegeuka, unanuka mvua. Mara mbwa aliinua kichwa nikadhani tayari, nikamsogezea kitenge, akapiga chafya juu yake.

Veterinere alikuwa anasikiliza yale makelele. Aliuliza kama mama yetu bado anasikia. Nikamwambia anasikia kuliko mimi, ukimsema vibaya chumbani anakujibu kutoka uani.

"Basi mbona hajibu?"

Mtu anayesikia vizuri, anaitwa na watu wote wale, asijibu? Nilijua jibu moja tu, na sikutaka kulitoa mdomoni. Nilianza kuongea juu ya kuita watu wengine kutoka Kabambare, juu ya pikipiki yangu ya pili, nikiongea tu ili nisifikiri.

Dada ndiye aliyenikatiza. Alikuwa amekaa kwenye kizingiti, kitambaa cha kichwa mikononi.

"Mama hajibu makelele ya wanaume," alisema. "Umesahau, weye? Ile miaka ya kukimbia vita, wanaume wakipiga kelele porini alikuwa anatulaza chini na kutufunika majani. Kichwa chake kiko kule leo. Anajificha. Na sisi ndio tunamufukuza."

Kila sufuria iliyogongwa tangu asubuhi ilikuwa inamsukuma mama yangu mbali zaidi, kuelekea kijitoni.

Sasa jaribu kuwanyamazisha watu wa kwetu wanaotafuta mtu. Walidhani nimekata tamaa. Mzee mmoja alikasirika, akasema anayemtafuta mama yake kwa kimya anataka urithi. Sikuwa na muda wa kubishana. Nilisema atakayekaa chini na kufunga mdomo atakula mbuzi wangu leo, na hapo ndipo masufuria yalipoanza kunyamaza, moja moja, mpaka sufuria ya mwisho kule chini bondeni. Watu wakakaa kwenye majani. Nami nikakaa, na wanaonijua watakuambia kunyamaza si kazi yangu.

Veterinere alimvua mbwa kengele, akamfunga kamba, akanipa nishike. Alininong'oneza kwamba pua bado imefungwa, lakini mbwa hana pua tu. Akanionyesha masikio. Tangu makelele yaishe yalikuwa yameanza kutembea, moja linageuka huku, jingine kule, kila moja na kazi yake. Sauti ikitoka kushoto, inafika sikio la kushoto mapema kidogo kuliko la kulia, muda mdogo mno hata huwezi kuutaja. Neva zinaupeleka ule muda kwenye ubongo, na ubongo unajua upande. Mbwa akitaka kuhakikisha anainamisha kichwa, masikio yabadilishe mahali, apime tena. Na anasikia sauti ndogo, na nyembamba, ambazo kwetu ni kimya tu.

Nilitega masikio yangu. Sikusikia kitu. Upepo kwenye muhogo, basi.

Kisha masikio yote mawili yakaelekea mbele, yakasimama. Mbwa akainamisha kichwa. Akavuta kamba.

Nilimfuata nimeinama, veterinere nyuma yangu, dada nyuma yake. Nikuambie jinsi ilivyo kumfuata mnyama kwenye sauti usiyoisikia. Mimi ni mtu wa kupima mwenyewe. Dhahabu naiona mezani, naigusa, naitia kwenye mizani. Hapa nilikuwa nimeshika kamba, na upande wa pili wa kamba kulikuwa na kichwa chenye habari ambazo mimi sina. Je, kama ni panya? Kama ni kware anakwaruza majani, na mimi napoteza muda wa mama yangu kwa kumfuata kware? Matone ya kwanza yalianguka kwenye majani, tap, tap, na mbwa akasimama. Masikio yakatembea tena. Mvua ilikuwa inachanganya sauti. Nilitaka kumpiga, nilitaka kumbembeleza, nilitaka kupiga kelele. Nilimwangalia veterinere; naye alikuwa amefunga macho, anasikiliza bure kama mimi.

Mbwa akainamisha kichwa upande mwingine, akavuta kuelekea kijitoni.

Tulishuka. Na pale karibu na ukingo, ndipo na mimi nikaisikia. Jiwe juu ya jiwe, polepole, kisha kimya, kisha tena. Nilimpa dada kamba, nikapita kwenye nyasi kwa magoti, mimi na suruali yangu ya bei kutoka Kasongo.

Mama alikuwa amekaa ndani ya shimo la mti uliong'oka, majani mabichi kichwani na mabegani, amejifunika vizuri. Alikuwa anavunja kokwa za michikichi kwa jiwe, alisikia njaa, na kila makelele yalipokaribia alikuwa anaacha. Makelele yalipokwisha, alirudi kwenye kula. Alinitazama bila kustuka. Sijui aliona nani.

"Inama," alininong'oneza. "Watakuona."

Niliinama. Mwili wangu si mdogo, lakini niliingia wote mule shimoni. Akanifunika mgongo kwa majani, akanitia kokwa moja mkononi, na mkono wake ulikuwa baridi kama udongo. Tulikaa hivyo. Mvua ilianza kweli. Nilitaka kumbeba palepale nikimbie, lakini niliogopa akistuka atapiga kelele na moyo wake usimame.

"Wamekwenda?" aliniuliza.

"Wamekwenda, mama."

"Na mutoto mwingine?"

"Iko hapa. Iko mzima."

Dada akatokeza uso kati ya nyasi, amelowa, na mama akamnyooshea mkono. Nilimbeba mama mgongoni mpaka nyumbani. Hakuwa na uzito. Alilala karibu na moto chini ya mablanketi matatu akikohoa, na mimi nilikaa nikihesabu pumzi zake mpaka kikohozi kilipolainika na akaomba chai, akalalamika kwamba haina sukari.

Watu walikuja kudai mbuzi wao, na yule mzee wa urithi alikuwa wa kwanza kukaa. Mbuzi mmoja, mchele wa kumsindikiza, essansi ya pikipiki ya kwenda na kurudi, na malipo ya veterinere, ambaye alikataa kupunguza hata kidogo kwa sababu ya uongo wa ng'ombe: yote pamoja franka laki mbili, elfu kumi na saba na mia tano, nami nililipa bila kubishana.