Baba na Kiti cha Kulia

Jamani, leo baba kaniliza mbele ya marubani.

Naandika nikiwa intaneti kafe hapa Majengo, macho bado mekundu.

Kuna ndege mpya imeletwa uwanjani, kadogo, ya watu wawili. Marubani wakaalikwa waitazame na kutoa maoni. Baba akasema, "Nipeleke."

Baba karusha ndege tangu sijazaliwa. Macho yalipoanza kumsumbua wakamsimamisha. Nyumbani wimbo ni uleule: akipata miwani mipya, anarudi kazini. Nasi tunaitikia.

Basi pale uwanjani ubishi ulikuwa moto! Mmoja anasema mabawa ni membamba mno kwa upepo wetu huu. Mwingine kaipenda injini, ila ana wasiwasi kama itanyanyuka kwenye joto la mchana.

Kila mmoja aliingia akajaribu kiti cha kushoto. Kwa msiojua, kushoto ndiko anakokaa rubani. Hicho kiti hawaachiani kirahisi.

Rubani mmoja aliyefundishwa na baba akamfungulia mlango wa kushoto. "Shikamoo Kapteni. Karibu."

"Marahaba."

Baba akaizunguka pua ya ndege polepole, mkono ukipapasa bati.

Akapanda upande wa kulia.

Hata wale wabishi wakasogea mlangoni.

Mwenye ndege akajikaza: "Mzee, unasemaje?"

"Nzuri. Abiria anakaa vizuri."

Nyie mngemwambia nini?

Mimi nikainama, nikamfunga mkanda.