Mechi ya Saa Sita Muyinga

Mimi ni fundi cherehani, na mpira wa wanawake niliuingia kwa sababu ya mikono ya jezi. Timu ya wasichana ya hapa Gitega, Burundi, ilipopewa jezi kwa mara ya kwanza, zilikuwa zimeshavaliwa na wanaume, na kubwa kiasi kwamba golikipa alionekana amevaa kanzu. Kocha wao aliniletea mfuko mzima barazani kwangu, kwenye mtaa wetu wa Waislamu, akaniomba nizipunguze. Nikamwambia sipunguzi nguo bila kumwona mwenye mwili, aniletee wasichana wenyewe. Akawaleta wote kwa mpigo, wakajaza uchochoro, majirani wakatoka kuuliza nani amekufa. Tangu siku hiyo mimi ndiye mama wa timu.

Mama wa timu ni mwanamke mtu mzima anayesafiri na wasichana ili wazazi wao wapate usingizi. Hubeba maji, dawa za maumivu na pedi, na hugombana na wavulana wanaochungulia dirishani wasichana wakibadilisha nguo. Kazi hiyo ya mwisho naifanya kwa moyo wote. Ya mpira wenyewe siyajui sana. Hata leo wakinieleza ofsaidi naitikia tu kwa adabu.

Wengi wao walikuwa wanafunzi wa shule za mtaa wa Mushasha, watoto wa walimu na wafanyakazi. Mmoja alikuwa mkulima. Alizaliwa kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania akakulia huko, wazazi wake waliporudi kijijini kwao Buraza wakakuta shamba lao linalimwa na wengine, wakaishia kugawana kipande ambacho ukilala miguu inatoka nje. Alipokuja Gitega kucheza hakuwa na pa kulala, nikampa chumba changu cha nyuma. Asubuhi alinisaidia kupiga pasi. Alikuwa anatumia mguu wa kushoto, na nilipomwona uwanjani mara ya kwanza nilielewa kitu kimoja bila kufundishwa: kuna mafundi wanaokata kitambaa bila kupima na hawakosei, na huyu alikuwa wa namna hiyo.

Nchi yetu ni ndogo na timu yake ya taifa ya wanawake bado ni changa. Wengi wanaochaguliwa wanatoka Bujumbura, kwa sababu kocha wa taifa anaishi huko na mafuta hayapatikani ya kumzungusha mikoani. Sasa msimu ule tukaambiwa atafika Muyinga kwa shughuli zake, na atatazama mechi yetu na wenyeji. Kocha wetu alikuja kunipa habari hiyo anacheka peke yake njiani.

Binti yangu wa Buraza hakucheka. Alikuwa anapiga pasi jezi za safari, makaa yanapasuka ndani ya pasi, akasema bila kuinua kichwa:

"Mama, akinichukua nabaki Burundi. Asiponichukua, kutoka Muyinga mpaka Kobero si mbali. Navuka mpaka, naenda kulima mashamba ya watu Tanzania kama kaka zangu."

"Na mpira je?"

"Kwetu Buraza mpira haujamlisha mtu."

Nikamwambia aache upuuzi na aangalie asiniunguzie kola. Lakini kesho yake nilimwona anafunga mfuko wake. Aliweka nguo zote, blanketi, na sufuria yake ndogo. Mtu haendi kwenye mechi na sufuria. Nikaomba Mungu, nikawaombea na wale waliokuwa kwenye foleni ya mafuta, maana ndiko safari yetu ilikokuwa.

Tulitakiwa kuondoka Ijumaa asubuhi. Dereva wa basi letu dogo alikuwa anapanga foleni ya mazutu, yaani dizeli, tangu mapema wiki ile, analala garini, anapelekewa chakula na wachezaji kwa zamu. Alipata Ijumaa yenyewe, giza likishaingia. Kuendesha usiku kocha alikataa, na hakuna aliyemlaumu. Ikabidi twende Jumamosi.

Anayeishi na sisi anaijua Jumamosi. Asubuhi ni ya kazi za pamoja. Barabara zinafungwa, kila mtu anatoka na jembe lake kutengeneza nchi, na magari hayatembei mpaka saa nne na nusu. Mechi yetu ilikuwa saa sita, kwa sababu saa tisa, jua likipoa, uwanja ni wa wanaume. Wanawake huchezeshwa juani. Tukasema tutatoka alfajiri, kazi zikianza tuwe tumeshafika mbali. Kocha naye akapata wazo, na alijivunia wazo hilo kuliko mbinu zake zote za uwanjani: wasichana wavae jezi kamili tangu nyumbani. Walinzi wa vizuizi wakiona ni timu, alisema, watatufungulia njia wenyewe.

Tulipita Karusi salama. Mbele kidogo tukakuta kamba imefungwa kutoka mti mmoja hadi wa pili, na watu wengi mtelemkoni na majembe. Akaja chefu wa kolini, ndiye mkubwa wa mlima ule, mzee mwenye mabuti ya mpira na sura nzuri ya ukarimu. Kocha akateremka.

"Mushingantahe," akaanza, kwa jina la heshima tunalowaita wazee, "sisi tuko timu. Tunaenda Muyinga, iko mechi saa sita."

Mzee akainama dirishani. Akawatazama wasichana mmoja mmoja, mgongo ulionyooka, mapaja, mabega, jezi safi nilizozikaza mwenyewe zikawakaa. Uso ukamng'aa.

"Kweli, iko timu," akasema. "Mungu ametuletea nguvu! Teremukeni wote."

"Lakini mechi, mushingantahe..."

"Mechi iko saa sita. Sasa iko kazi ya nchi. Ntakibazo, mtafika."

Ntakibazo ni kusema hakuna shida. Nimelichukia neno hilo tangu siku ile.

Kazi yenyewe ilikuwa kusawazisha mtelemko ili uwe uwanja wa mpira. Mzee alifurahi mno kwa hilo, akatuambia sisi ndio wenyewe hasa, tunajua uwanja unavyotakiwa kuwa. Watoto wa walimu wa Mushasha walishika majembe kwa ncha za vidole. Binti wa Buraza alilishika lake kwa uzoefu, akalima huku anatazama jua. Nilijua anahesabu muda. Kila tulipokutana macho aliinua nyusi kuuliza, nami nikaitazama ile kamba.

Baadaye akamuuliza yule mzee, kwa upole kabisa, "Mzee, na wasichana watacheza hapa?"

"Hapa iko ya vijana wetu," mzee akajibu, kwa upole uleule. "Wasichana watakuja kushangilia."

"Na hawa wanaokuchimbia ni nani, mbuzi?" nikauliza mimi. Kocha akanikanyaga mguu. Mzee alicheka, akasema mama huyu ana maneno, na akanipa jembe na mimi.

Saa ya kufungua njia ikafika, na kazi ikaisha. Ukaanza mkutano. Walizungumza habari za mbegu, wakazungumza vyoo, mmoja akaleta shauri la ng'ombe wa jirani yake. Kamba ilikuwa bado imefungwa, na mwenye kuifungua alikuwa ndiye anayehutubia. Mwisho mzee akatuomba tusimame mbele za watu. Wakatupigia makofi marefu, ya kweli, watu wale hawakuwa na ubaya wowote. Ningepata mtu mbaya mmoja tu ningemtapikia hasira yangu yote. Sikumpata. Nilisimama pale napigiwa makofi, na mchanga ndani ya viatu.

Muyinga tulifika saa sita imeshapita na muda wa kungojewa umeshapita pia. Wenyeji walikuwa wamesimama mstari katikati ya uwanja, refa akatazama saa yake, akapuliza filimbi. Forfe. Hiyo ni kusema umeshindwa mabao matatu kwa bila kwa kutofika. Sisi tukateremka na jezi zetu, udongo mpaka kwenye kola, ungedhani tumeshacheza mechi mbili.

Mama wa timu yao alikuja akanishika mikono. Ni muuza ndizi, mwanamke mpole, tunaelewana.

"Amewangoja, dada," akaniambia. "Kocha wa taifa. Amekaa kwenye kiti kile cha plastiki mpaka filimbi. Aliuliza hata yule wa mguu wa kushoto anafika saa ngapi. Sasa gari yenye mafuta ilikuwa moja tu, inaenda Ngozi, ikabidi apande."

Binti alikuwa nyuma yangu. Alisikia kila neno.

Watu walikuwa bado wamekaa pembeni ya uwanja, wengine wametoka mbali kwa miguu. Makapteni wawili wakazungumza, wakakubaliana wacheze tu, bila alama, mpaka wanaume wafike. Refa akakubali. Ndiyo mechi nzuri kuliko zote nilizowahi kuona, na haikuandikwa popote. Yule binti alicheza na mikono iliyochubuka kwa jembe, mpira ukimfika watu wanainuka kabla hajaugusa. Alifunga bao ambalo golikipa wa Muyinga mwenyewe alilipigia makofi. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikanitoka. Kisha nikakumbuka, nikatazama pale penye kiti cha plastiki alipokuwa amekaa kocha wa taifa, na kiti kilikuwa kitupu.

Wanaume wakaanza kuingia kupasha misuli. Aliingia mmoja kwenye kona, akafuata wa pili, wakaja wengine. Binti alikuwa anakimbia na mpira pembeni kushoto, amempita beki, anainua kichwa kutafuta goli. Mchezaji mmoja wa kiume akanyoosha mguu, akausimamisha mpira wake.

"Samahani, dada," akasema. "Zamu yetu."

Alisema vizuri, kwa adabu. Binti akasimama anautazama mpira chini ya kiatu cha mwenzake. Halafu akatoka uwanjani.

Dereva alikuwa anapiga honi. Mazutu yaliyobaki yalitosha kurudi tu, na giza lisitukute njiani. Binti alikwenda nyuma ya gari, akatoka amevaa nguo zake, jezi ameikunja vizuri. Akanipa. Akavuta mfuko wake kutoka chini ya kiti, sufuria ikalia ndani.

"Mi nabaki huku, mama."

"Unabaki wapi? Muyinga huna mtu."

"Mama wa timu yao atanilaza. Kesho nashika njia ya Kobero."

"Yule kocha atakuja tena. Si umesikia amekuuliza? Ngoja, mwanangu."

"Ningengoja," akasema, "ningekuwa na cha kula huku nikingoja."

Mimi nina jibu la kila mtu. Wateja wanalijua hilo, marehemu mume wangu alilijua zaidi. Lakini cha kumpa ili abaki sikuwa nacho, kumfunga kamba siwezi, na gari halingengoja. Nililia mbele ya wachezaji wote, mtu mzima mimi. Akanishika bega.

"Ihorere, mama," akasema. Ndivyo Warundi wanavyombembeleza mtoto anayelia. Mimi ndiye niliyepaswa kumwambia yeye.

Kiti chake kwenye basi hakuna aliyekikalia, ingawa wengine walikuwa wamebanana.

Huwa anapiga simu. Kila tunaposafiri anajua, sijui anaambiwa na nani, na lazima aulize kama tumefika. Kila mara ni simu ya mtu mwingine. Nikipiga mimi baadaye, mwenye simu ananiambia huyo msichana wa Burundi ameshahama, yuko shamba jingine, hajui lipi. Kwa hiyo siwezi kumtafuta. Nangoja anitafute.

Msimu uliofuata tulipangiwa Muyinga tena, saa sita tena. Safari hii kocha wetu alianza kutafuta mafuta mwezi mzima kabla, tukafika Ijumaa, tukalala kwenye darasa la shule. Jezi ile ya binti wa Buraza nilikuwa nimekataa kuigusa. Lakini jezi hazitoshi, na msichana mpya wa upande wa kushoto ana kifua kikubwa, hivyo asubuhi ile nilikaa juu ya dawati nikafumua mishono niliyomshonea mwenzake. Nilifumua polepole. Uzi ulikuwa bado mzima.

Timu zilipokuwa zinajipanga, simu ikalia.

"Mmefika, mama?"

"Tumefika. Tangu jana."

"Alhamdulillahi," akasema. Yeye ni Mkristo, neno hilo alilichukua kwangu. Nilisikia upepo, na watu wanaoitana shambani. "Na yule kocha wa taifa, amekuja?"

Kocha huyo alikuwa mbele yangu, kwenye kiti kilekile cha plastiki. Amevaa kofia, anapangusa miwani yake kwa ncha ya shati ili aone vizuri.

"Hajaja," nikamwambia. "Hajaja, mwanangu."

"Ihorere, mama," akasema. "Siku nyingine atakuja."