Kalondu Alikuwa Mpiga Ngoma

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kuliko hata siku niliyooa. Ilikuwa Jumanne, saa saba mchana, kwenye kiwanja chetu cha mazoezi pale Makina, Kibera. Mwanamke aliyeitwa Kalondu alisimama mbele ya kikundi chetu akingoja mtu mmoja tu aseme ukweli. Mtu huyo nilipaswa kuwa mimi. Nilifungua mdomo kweli, na maneno yaliyotoka yakamnyang'anya kazi yake.

Nakuandikia kwa sababu nimesikia vijana wa kikundi chenu huko Kawangware wamekuchagua uwe katibu. Wanasema umesoma na mwandiko wako unapendeza. Hata mimi nilichaguliwa hivyo hivyo, na ule mwandiko ndio ulionipoteza. Kaa basi unisikilize. Sina haraka, na ninachokwambia si kitamu.

Nilikuja Nairobi kutoka Magharibi nikiwa na cheti cha kidato cha nne na mikono inayojua sukuti. Sukuti ni ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na kwetu tulilelewa tukiambiwa kwamba mwanamke hazishiki. Anacheza, anaimba, anapiga vigelegele, lakini kupiga ngozi ni kazi ya mwanamume. Jijini tuliigeuza ikawa kazi kama useremala. Tulipiga harusini, mazishini, kwenye mikutano ya wanasiasa na hotelini kwa wageni. Wiki moja tuna kazi tatu, mwezi mzima unaofuata hatuna hata moja. Na tulikuwa na desturi yetu: mpigaji alilipwa mara mbili ya mchezaji. Wapigaji wote walikuwa wanaume. Wachezaji, isipokuwa mmoja au wawili, walikuwa wanawake. Hakuna aliyeyaweka mambo hayo mawili pamoja akauliza swali.

Kalondu alitoka Kitui. Siku za wiki alifulia watu nguo katika mitaa ya wenye uwezo, na Jumamosi alikuja kucheza nasi. Nyanya yake alikuwa mpigaji wa kilumi, ngoma ya Wakamba ambayo kwao wanawake wazima ndio huipiga, naye alimfundisha tangu akiwa mdogo. Sisi hatukujua hayo. Tuliyajua siku mpigaji wetu wa ngoma ya kati alipougua, na hoteli ilikuwa inatungoja. Kalondu alijifunga leso kiunoni, akachukua ngoma, akaisogeza karibu na moto tuliokuwa tumeuwasha kukaza ngozi. Akaigonga kwa kidole, akatega sikio, akaisogeza tena.

"Wee, utatuchomea ngozi!" mmoja wetu akamwambia.

"Hii bado imelala," akajibu bila kuinua kichwa. "Ama nyinyi hupenda kupiga kitu kikiwa usingizini? Ndio maana wazungu wanapiga miayo."

Tulicheka sana. Kisha akapiga, na hakuna aliyecheka tena. Tangu siku hiyo ngoma ya kati ikawa yake, na yule mgonjwa alipopona akahamia ndogo. Mwenyekiti wetu, Mzee Mukolwe, aliyeanza kupiga ngoma kabla mimi sijazaliwa, alimsikiliza akiwa amefumba macho, halafu akaniambia, "Katibu, huyu asije akatuponyoka."

Mwaka uliofuata shirika moja la wafadhili likatafuta kikundi cha kuzunguka shuleni na kwenye kumbi za jiji kwa mkataba, wapigaji na wachezaji wakilipwa kila mwezi. Mshahara, mwanangu! Hujui neno hilo lilisikikaje masikioni mwa mpiga ngoma. Fomu yao iliuliza mambo ambayo hatukuwahi kuulizwa: wapigaji ni wangapi, wana umri gani, wametoka sehemu gani za nchi, na kati yao wanawake ni wangapi. Kikundi kisicho na mwanamke mpigaji kisingefikiriwa. Nikaandika jina la Kalondu kwa herufi kubwa, nikaandika "mpiga ngoma", nikabandika picha yake akiwa na ngoma mkononi. Tukapata mkataba.

Mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia aache kufua.

"Kweli, Katibu?" akaniuliza. "Nisije nikaacha ya mkononi nikakaa njaa."

"Si mimi ndiye naandika?" nikamjibu.

Akaacha.

Kabla ya mshahara wa kwanza, wapigaji wenzangu watatu walinijia. Walisema haiwezekani alipwe sawa nao. Wao wana familia. Yeye hana bwana wala mtoto, pesa zote hizo ni za nini? Na nyumbani wakisikia kwamba mwanamke anashika sukuti, tena kwa malipo ya mwanamume, tutaficha wapi nyuso zetu? Mimi nilijua kwamba Kalondu ana mama mgonjwa na ndugu wawili shuleni. Nilijua kwa sababu barua zake za nyumbani nilimwandikia mimi. Yeye aliweza kuandika jina lake tu. Ningewaambia hivyo. Sikuwaambia. Shirika lilituletea pesa za kikundi kwa fungu moja, na kugawa ilikuwa kazi yangu. Kwenye orodha ya malipo nikaandika "Kalondu, mchezaji", na nusu iliyobaki tukagawana wapigaji. Sisemi waligawana. Tuligawana, na mimi nilikula.

Mzee Mukolwe aliiona orodha ile. Sehemu yake ilimfikia kama wengine, lakini aliniita kando. "Kwenye fomu yule ni mpigaji," akasema. "Kwenye mshahara ni mchezaji. Unamfanya watu wawili, Katibu, halafu unawaibia wote wawili."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, hayo ni mambo ya makaratasi. Nilimwona ni mzee aliyesoma kidogo tu.

Kila mwisho wa mwezi niliikunja ile orodha ili Kalondu aone jina lake na nafasi ya sahihi, asione safu nyingine hata kwa bahati. "Weka hapa," ningemwambia. Naye angeandika polepole, ulimi nje, halafu angehesabu pesa zake na kutania: "Kumbe ngoma ina pesa kidogo hivi! Na nyinyi wanaume mnaoa na hizi hizi? Poleni!" Tulicheka naye. Nataka ulijue hilo. Kwa miezi minane tulicheka naye.

Ndipo ikaja ile Jumanne. Afisa wa shirika, binti mwenye adabu na miwani, alikuja kututembelea. Tulikuwa tumenyamazisha ngoma kwa sababu ya adhana ya msikiti wa jirani, kama tulivyozoea, naye akasema atautumia huo utulivu kuhakikisha orodha. Alikuwa na nakala yake, ile niliyowapelekea mimi. Mimi sikujua kama angeisoma kwa sauti. Akasoma jina, kazi na malipo, mmoja baada ya mwingine, na kila mtu akaitikia.

"Kalondu. Mchezaji." Akataja malipo.

Kalondu alikuwa amekaa kwenye benchi na ngoma mapajani. "Soma tena, madam."

Akasoma tena.

Kalondu akamgeukia mpigaji aliyekaa karibu naye. "Na wewe? Amesema unapata ngapi?" Yule mtu akatazama viatu vyake.

Afisa akafungua faili, akapekua. "Fomu ya kwanza inasema huyu ni mpiga ngoma. Hii inasema ni mchezaji. Katibu, ni ipi?"

"Mwambie, Katibu," Kalondu akasema. Alisimama. Sauti yake haikuwa na hasira. Bado alikuwa ananiamini kidogo, na hicho kidogo ndicho kinachonitafuna mpaka leo.

Niliwaza jambo moja tu: nikisema ni mpigaji, itajulikana kwamba tumemlia pesa zake miezi minane. Sikuwaza zaidi ya hapo. Nikasema, "Ni mchezaji, madam. Ngoma hushika tu siku za picha."

Kalondu akamtazama Mzee Mukolwe. "Hata wewe, mzee wangu?" Mzee akainamisha kichwa.

"Unaweza kutupigia kidogo?" afisa akamwuliza.

Kalondu akatutazama mmoja mmoja. "Hawa wote wamenisikia," akasema. "Siwezi kupiga ndio wajue kitu wanajua." Akaiweka ngoma chini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto, akapita kati yetu, akaondoka.

Afisa akauliza: kama yule ni mchezaji, mwanamke mpigaji ni nani? Basi fomu yenu ilikuwa ya uongo, akasema, na akafunga faili. Mwezi ule haukuisha kabla mkataba haujavunjwa. Nilisema uongo kuificha karatasi ya pili, na uongo wenyewe ukaiua ya kwanza. Watu zaidi ya kumi walirudi kuwinda harusi na mazishi kwa sababu yangu.

Mchana uleule Mzee Mukolwe alinishika mkono. "Mimi nilinyamaza," akasema. "Hilo ni langu, nitalibeba mwenyewe. Wewe ulisema. Nenda kwake leo, Katibu. Usilale nalo."

Sikwenda. Nilijiambia ningoje hasira yake ipoe. Nilipofika kwake baada ya wiki mbili, chumba kilikuwa na mpangaji mwingine. Kazi yake ya kufua ilikuwa imechukuliwa zamani. Baadaye nilisikia kutoka kwa watu wa kwao kwamba mdogo wake wa kiume aliacha shule mwaka ule. Mzee Mukolwe alikufa bila kunitaja tena kwa jina, aliniita "yule".

Miaka mingi ilipita kabla sijamwona tena Kalondu. Nilimkuta mtaa wa Mashimoni, akiuza maji kwenye kibanda, mnene kidogo, kichwa chenye mvi. Alinitambua kabla sijafungua mdomo.

"Ni Katibu," akasema. "Umezeeka vibaya."

Nilimwambia niliyokuwa nimeyafanyia mazoezi njia nzima: kwamba nilikosa, kwamba nilimwibia, kwamba niko tayari kulipa kidogo kidogo. Aliendelea kujaza mtungi wa mtu.

"Maji ninauza," akasema. "Msamaha sina. Kama nitaupata nitakutumia mtu."

Nikamwuliza kama bado anapiga ngoma. Nilikuwa mpumbavu kuuliza.

"Nyanya alipokufa waliniletea ngoma yake ya kilumi. Mimi ndiye niliyeachiwa." Akafunga mfereji. "Nikawaambia wampe mtu mwingine. Mimi ni mchezaji. Songa sasa, Katibu, watu wamepanga laini."

Nikasonga. Hakutuma mtu. Mwaka jana nilisikia amefariki.

Mimi nami nilipiga mpaka hoteli ziliposema zinataka vijana. Sikuulizwa ujuzi, niliangaliwa tumbo na mvi. Waliniambia kwa upole, wakanipa nauli. Sina haki ya kulalamika, maana mtu aliyewahi kupanga thamani ya wengine kwa maumbile yao akipangwa naye, atamlilia nani?

Mwezi uliopita nilikuja Kawangware, upande wa mtaa uitwao Kongo, kuwatazama mkifanya mazoezi. Hukuwepo. Niliona wavulana sita kwenye ngoma na wasichana saba wakicheza. Nikamwuliza kijana mmoja wasichana wanalipwaje.

"Nusu, babu," akaniambia, akishangaa swali lenyewe. "Si ni wachezaji tu?"

Nikarudi nyumbani kwa miguu. Miaka yote hii, mwanangu, na nusu bado ni nusu. Sitakudanganya kwamba barua ya mzee mmoja itabadilisha jambo hilo. Nina shaka hata kama utaimaliza. Lakini Kalondu hayupo, Mzee Mukolwe hayupo, na nikinyamaza nami, hakutakuwa na mtu aliye hai anayejua kwamba ile ngoma ya kati ilikuwa na mwenyewe.

Haya ndiyo ninayokuomba. Ukiandika orodha ya malipo, isome mbele ya wote, kazi na kiasi, wasiojua kusoma wakiwa mbele kabisa. Anayepiga muite mpigaji siku ya picha na siku ya mshahara. Wenzako watakuja kukushawishi, na watakuja kwa upole, wakitaja watoto wao. Wahurumie, lakini usiandike wanachotaka. Na ukiwa umeshakosa, ukaulizwa mbele ya watu, sema palepale, hata kama sauti inatetemeka na mkate wako unaondoka. Mimi nilidhani kuna kesho ya kutengeneza. Kesho ilikuja, ikakuta chumba kina mpangaji mwingine. Usidhani kwamba kujuta kunalipa kitu. Nimejuta kuliko watu wengi unaowajua, na hakuna aliyepata hata shilingi katika majuto yangu.

Nenda, mwanangu. Mungu ailinde mikono yako na ya wote utakaowaandika. Akupe ulimi mwepesi pale mtu anapokungoja useme, na akujalie uzee ambao unaweza kutazamana na watu uliofanya kazi nao. Mimi huo sikupewa. Wewe upewe. Amina.