Uso wa Pori na Uso wa Mlewa

Sifa njema ni za Mungu, aliyeipa kila ardhi vazi lake na kila mja uso wake, akabaki Yeye peke yake mwenye kuujua moyo. Namshukuru kwa kunifikisha umri huu nikiwa na kumbukumbu zangu, hata zile zinazoniuma.

Harufu ya majani makavu yakinyeshewa mvua ya kwanza hunirudisha kijijini kwetu Mungaa, nilipokuwa msichana wa miaka kama kumi. Mvua zikikaribia, baba alizunguka porini kuwaonyesha watu mahali pa kufungua mashamba mapya, kwa kuwa wazee wa kijiji walimwamini kwa kazi hiyo. Hakuanza kwa kushika udongo. Alisimama mbali, akafumba jicho moja, akautazama uso wa pori. Majina ya miti hakuyajali. Alitazama urefu wake, rangi yake, inavyosongamana, na kama nyasi zimepata nafasi chini yake. Palipokuwa na miti ya migunga iliyosimama mbalimbali, na nyasi za kufika kiunoni chini yake, alisema mtama utainama kwa uzito wa masuke. Palipokuwa na kichaka kifupi, kilichoshikana hadi mbuzi anashindwa kupenya, alipita bila kusimama, maana chini yake kulikuwa na tabaka gumu ambalo jembe hulia likiligonga. "Pori halina unafiki, mama," aliniambia. Aliniita mama kwa sababu nilirithi jina la mama yake. "Linavaa kile lilichopewa na udongo na mvua." Nilijifunza haraka, nikaanza kujivuna.

Mwaka huo alifika mgeni kutoka upande wa Manyoni, jina lake Mlewa, pamoja na mkewe na watoto wawili wadogo, akiomba mahali pa kulima. Asubuhi moja wazee wanne, baba akiwamo, walikaa naye uani kwetu. Uso wake ulikuwa umekakamaa, mdomo umevutwa upande mmoja, jicho moja halipepesi. Walimtania kama wageni wanavyotaniwa, naye hakutabasamu. Nilipoleta maji ya kunywa, mzee mmoja mpenda mzaha akaniambia, "Haya, mwanafunzi wa pori, na huyu msome. Hapo patalimika?"

Nikarudi nyuma hatua mbili, nikafumba jicho kama baba. "Hiki ni kichaka cha miiba," nikasema. "Chini ni mwamba."

Walicheka mpaka mmoja akamwaga maji yake. Mlewa alitazama chini. Baba hakucheka, lakini hakunikanya pia. Mgeni alipotoka kidogo, wakaanza kusema kwamba kweli uso ule si wa mtu wa kukaa naye karibu. Kipande cha bonde la migunga walichokuwa wamekusudia kumpa kikasemwa kina wenyewe. Mlewa akapelekwa kwenye kichaka, na baba, aliyejua kuliko wote kilichokuwa chini yake, ndiye aliyemwonyesha mipaka.

Tulisikia shoka lake tangu alfajiri, siku baada ya siku. Mtama wake ulichipua, ukafika magotini, ukageuka njano, ukasimama hapo hapo. Wa kwetu bondeni ulikuwa unainama. Kisha siku moja akaja kurudisha jembe aliloazimwa na mama yangu, mkewe akisubiri njiani na mizigo kichwani. Baba, kwa sauti ndogo, akamwambia kwamba bondeni kimepatikana kipande.

"Mvua zimekwisha, mzee mwenzangu," Mlewa akajibu. "Watoto hawali kipande."

Nikamwamkia shikamoo bila kuinua macho. "Marahaba, mwanangu," akasema. "Siku ile na mimi nilicheka. Mdomo huu ulipigwa na ugonjwa nikiwa mdogo kama wewe. Nikicheka, hakuna anayejua."

Walipopotea machoni kwenye njia ya Manyoni, baba alibaki amesimama na lile jembe mkononi. "Pori huumbwa na udongo wake," akasema. "Moyo hauumbi uso. Nilikuwa nalijua hilo, mama, nikanyamaza." Hakumtaja Mlewa tena, ila dua zake baada ya swala zilirefuka.

Leo kichaka kile hakipo. Trekta zimekifyeka, ni alizeti tupu mpaka upeo wa macho, na hakuna tena anayesimama mbali kulitazama pori, maana pori lenyewe limekwisha. Kusoma nyuso za watu ndiko hakujaisha. Juzi mjukuu wangu alinionyesha picha kwenye simu, akasema, "Bibi, huyu ana sura ya wizi." Nikamwomba aizime, nikamsimulia haya. Sikumwambia kwamba kila niendapo Manyoni kwa harusi au msiba, huwatazama wazee mmoja mmoja nikitafuta mdomo uliovutwa upande, niombe radhi. Sijampata. Na nimegundua, kwa aibu, kwamba hata toba yangu inamtafuta kwa uso uleule, kwa kuwa sikujua kitu kingine chake.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mungu akupe jicho lenye subira na ulimi ulio mzito kuhukumu, na akukutanishe na watu wanaokutazama kwa rehema.