Kifo Kilichoandikwa kwenye Fomu

Tangu saa tatu ya asubuhi ile ya Ijumaa, Mwanatumu alikuwa hakai. Anaketi kitandani, anainuka; anafungua dirisha, analifunga; nguo zilizokwisha kukunjwa anazikunjua na kuzikunja upya. Loise, msusi wa Kikenya aliyepanga naye chumba hapo Al Nahda, alimtazama mpaka akachoka.

"Mwana, unanipea kizunguzungu. Si ukae?"

"Nitakaa."

Hakukaa. Kilichomkosesha raha ni barua iliyoingia kwenye simu yake asubuhi hiyo, kutoka chuo cha udaktari.

Mwanatumu ni binti wa Bi Kibibi wa Tanga. Umri wake miaka thelathini na sita, na kumi na mmoja kati ya hiyo ameimaliza Dubai, mhudumu wa wagonjwa katika kliniki moja ya Satwa. Kazi yake kupima presha, kufunga vidonda vya mafundi gereji, kuwashika mkono wazee wanaoogopa sindano. Madaktari wenyewe walifika kumwuliza, "Mwana, huyu unamwonaje?" Naye husema anavyoona, na mara nyingi huwa ndivyo. Ndipo likamwingia moyoni na lisitoke: aombe udaktari, katika chuo kimoja cha Dar es Salaam kinachopokea hata watu wazima waliokwisha fanya kazi ya hospitali.

Tatizo Kemia. Kidato cha sita alipata C ya Biolojia, D ya Fizikia, na Kemia E. Chuo kinataka D. Na kwenye fomu palikuwa na kisanduku: Eleza sababu ya alama iliyo chini ya kiwango. Kisanduku hicho alikaa nacho siku nne, hajui akijaze nini.

"Andika ulifiwa," Loise alimwambia. "Hiyo ni fomu tu. Nani atakuja kufukua kaburi?"

"Nilifiwa na nani?"

"Mamako. Mwingine hawatashtuka."

Akaandika. Mama yangu mzazi alifariki kwa presha wiki ya mtihani. Akaituma upesi upesi, kama mtu anayemeza dawa chungu. Tangu siku hiyo sala haikumtulia. Akifika kwenye dua ya wazazi, ulimi unakuwa mzito, hajui mama amwombee uzima au amwombee kaburi. Mola atusamehe.

Sasa barua imekuja: usaili ni Alhamisi, ila kabla ya Jumatano atume cheti cha kifo cha mama yake.

"Hiyo si shida," Loise akasema. "Kuna mtu wa kwenu anaitwa Kondo, hubeba mizigo Al Ras. Anajua watu huko Dar wanatoa cheti chochote. Mpe majina kamili na tarehe ya kuzaliwa, khalas."

Tarehe ya kuzaliwa ya mama yake Mwanatumu alikuwa haijui. Akatoka kwenye korido, akampigia kwa programu ya Botim.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Tumu. Mbona unahema? Unakwenda wapi?"

"Siendi popote. Mama, nataka tarehe yako ya kuzaliwa, ile ya kwenye kitambulisho."

"Ya nini?"

"Ya... ya chuo."

Bi Kibibi akapiga kigelegele, simu ikakwaruza. "Chuo cha udaktari kinataka jina langu mimi! Ngoja nitafute miwani. Au nikutumie picha, usije ukakosea. Na uandike vizuri, mwanangu, lisomeke."

Picha ikaja. Kitambulisho kimelazwa juu ya kitambaa cha meza, na pembeni kimetokeza kidole gumba cha mama, ukucha una hina. Hina mbichi ya juzi, ya mtu anayekwenda harusini. Mwanatumu akaenda nayo hadi kwenye lifti, akarudi. Akaenda tena, akarudi. Namba ya Kondo alikuwa nayo tayari. Lakini kidole kile, kila akikitazama, mkono ulikataa.

Akaandikia chuo: Mama yangu yu hai. Sababu niliyoandika ni uongo. Nisameheni.

Loise akashika kichwa. "Umejichoma, dadangu! Na kiberiti ni chako mwenyewe!"

Jumamosi hakuna jibu. Jumapili, Jumatatu, kimya. Kazini akampima mzee mmoja presha mara tatu, kila akimaliza namba imemtoka kichwani. Jumatano alasiri chuo kikatuma kiungo cha usaili, bila neno jingine.

Alhamisi madam wa kliniki alimpa nusu saa. Akajifungia stoo, simu ameiegemeza kwenye maboksi ya glovu. Wakatokea watu watatu. Katikati Daktari Rumaisa, mama mtu mzima mwenye ushungi mweupe.

"Ndiye wewe uliyemfufua mama yako?"

Wale wanaume wawili wakacheka. Daktari Rumaisa hakucheka.

"Ndiye mimi, daktari."

"Haya. Kemia ilikushinda kwa nini?"

"Sikuielewa. Na niliona haya kuuliza, wenzangu wasinicheke. Nikakariri tu."

"Umewahi kumkosea mgonjwa dawa?"

"Nimewahi. Mwaka juzi bibi mmoja nilimpa kidonge cha presha mara mbili. Nikakimbia kumwambia daktari palepale. Nikapewa barua ya onyo."

"Hilo ulisema. La fomu ukadanganya."

"Yule bibi angeweza kufa. Hili niliona linanihusu mimi peke yangu."

"Na mama yako?"

Mwanatumu akaisogeza simu iliyokuwa inateleza kwenye maboksi. Daktari Rumaisa akaandika kitu, akanong'onezana na wenzake, kisha akasema, "Mwaka huu hapana. Rudia Kemia mwezi wa Mei, kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ukileta D tutakuita tena. Usipoileta, usituandikie."

Jioni alimpigia mama yake. Alimweleza yote, hakuficha hata neno la Loise.

"Nilikufa kwa nini?" Bi Kibibi akauliza.

"Presha, mama."

"Presha! Mimi nisiyejua hata kidonge chake!" Akaguna, kisha sauti ikashuka. "Ungeniambia tu umefeli, Tumu. Mimi ningekupiga?"

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Hiyo Kemia yenyewe ndiyo nini?"

Mwanatumu akasimama dirishani. "Ni... tuseme unatia chumvi kwenye maji. Inayeyuka."

"Najua inayeyuka, napika kila siku. Inakwenda wapi?"

"Inagawanyika. Kuna vipande vidogo vidogo, hiki kinavutwa huku, kile..." Akakwama. Akaanza tena, akakwama palepale.

"Enhe?"

"Sijui vizuri, mama," akasema. "Ngoja nitazame, nitakupigia."

Akakata simu, akamgeukia Loise aliyekuwa anapaka rangi kucha.

"Wewe Kemia ulisoma?"

"Mimi? Nilipata D minus," Loise akajibu. "Lakini kuja, unionyeshe imekushinda wapi."