Maua Matatu ya Marehemu Dimitar

Zdravka aliendesha kreni bandarini Ruse, kule juu kabisa ndani ya kibanda cha vioo, na labda ndiyo maana alizoea kuchungulia mambo yasiyomhusu. Jumamosi alishuka duniani, akavaa koti lake la kijivu, akampitia shoga yake Bogdana, muuzaji wa duka la dawa, wakaenda makumbusho. Makumbusho yoyote yale. Walishateleza na malapa ya sufu, yale wanayovalishwa wageni wasikwaruze mbao, juu ya sakafu za kila nyumba ambayo mtu maarufu aliwahi kuumwa mafua ndani yake. Walinzi, wale akina mama wanaofuma soksi kwenye viti huku wakizima taa nyuma ya mgongo wako, walimjua Zdravka na walimwogopa. Wenzake walisoma vibao. Yeye aliuliza.

"Hiki ndicho kitanda cha jenerali?"

"Ndicho, mama."

"Chembamba hivi? Na mkewe alilala wapi?"

"Hapo sasa sijui, mama."

"Basi hamjui lolote kuhusu jenerali."

Makumbusho aliyoyaacha kiporo miaka yote ni ya kijiji alikozaliwa, Gorna Leska, kwa sababu mle ndani alikuwemo baba yake. Dimitar aliuawa msituni pamoja na wapiganaji wenzake, masika ya mwaka arobaini na nne, mkewe akiwa mjamzito. Kwa hiyo Zdravka alimjua baba yake kama watu wanavyowajua mashujaa, yaani kwa marumaru. Utotoni alivalishwa soksi nyeupe kila mwaka na kupandishwa kilimani penye mnara, akakariri shairi refu huku pua ikimchuruzika kwa baridi. Alipokua, marehemu, kwa jina lake tu, alimpatia nafasi kwenye chuo cha ufundi, kisha fleti yenye roshani. Akina baba wengi walio hai hawakufikia nusu ya hapo.

Jambo moja tu lilimkereketa. Mama yake hakuwahi kumchemshia baba yake ngano. Marehemu huchemshiwa ngano, ikatiwa sukari, ikagawiwa majirani kwa vijiko ili roho yake ikumbukwe; hata walevi waliokufa mtaroni huchemshiwa. Zdravka alipouliza, mama alijibu bila kugeuka kwenye jiko: "Yule anapikiwa na serikali." Akafa na jibu hilohilo.

Kisha Chama, kilichotawala tangu vita viishe, kikaanguka. Soksi nyeupe zikaisha, nyota ya bati ikang'olewa juu ya mnara na mtu aliyekuwa na banda linalovuja, na kule makumbusho picha ya Dimitar ikahamishwa kutoka ukumbi mkubwa hadi kwenye kona, baina ya mtambo wa kufumia mazulia na mbwa mwitu aliyejazwa pamba. Ndipo Bogdana aliposema: "Shoga, tumeangalia baba za watu wote nchi hii. Twende tukamwone wako."

Walikwenda siku ya Mtakatifu Dimitar, mwishoni mwa Oktoba, siku ambayo kila Dimitar aliye hai huweka nyama mezani na kungoja wageni. Mtunzaji wa makumbusho, mama mnene aliyeitwa Tinka, aliwapa malapa, akawawashia taa ya kona.

"Hiki ni kijiko cha shujaa Dimitar," alisema, akionyesha kijiko cha mti ndani ya kabati la kioo. "Mpini umechongwa herufi S. Hiyo S ni ya svoboda, yaani uhuru."

"Mtu mwenye njaa msituni," Zdravka aliuliza, "anaandika uhuru kwenye kijiko?"

"Ndiyo maana wewe si shujaa, mama."

Kutoka hapo walipanda kilimani. Nyasi zilifika magotini. Chini ya jiwe la Dimitar, mbichi kabisa, kulikuwa na maua mekundu.

"Matatu," alisema Bogdana.

"Hesabu tena."

"Zdravka, ninahesabu vidonge kutwa nzima. Ni matatu."

Kwetu hata mtoto wa chekechea analijua hili: maua ya shufwa ni ya maiti, ya witiri ni ya walio hai. Mpelekee bibi harusi maua manne uone kama utapewa hata chembe ya keki.

"Mbuzi amekula moja," alisema Zdravka.

"Mbuzi gani wa kula moja akashiba?"

Walirudi kwa Tinka. Alisema ni kila mwaka, tarehe hiyohiyo, tena matatu. Yeye alidhani anayeyaleta ni mlevi.

Mwaka mzima Zdravka alinyanyua makontena akiwa na hayo matatu kichwani. Mahali fulani palikuwa na mtu aliyemhesabu baba yake miongoni mwa walio hai, na akampongeza siku ya jina lake. Ama ni mjinga, ama anajua kitu. Zdravka aligundua, kwa mshangao mkubwa, kwamba katika maisha yote ya kuuliza vitanda vya watu, hajawahi kuuliza swali moja: nani aliuona mwili?

Sikukuu iliporudi, asubuhi na mapema, mashoga wawili walikuwa wamejibanza nyuma ya mnara na chupa ya chai na sinia la mkate wa jibini.

"Tumekuwa wanamgambo," alinong'ona Bogdana huku akitafuna. "Nikipata baridi yabisi, nitakushtaki kwa marehemu baba yako."

Gari chakavu la Moskvich likapanda likikohoa. Akashuka mzee mrefu, kanyolewa vizuri, kavaa tai. Akaweka maua matatu. Kisha akatoa leso, akaitemea mate, akafuta kinyesi cha ndege juu ya jina la Dimitar, kwa utaratibu, kama mtu anayejinyoa.

Bogdana hakuweza kuvumilia. Akaibuka. "Babu, umekosea hesabu! Maiti hapewi matatu!"

Mzee alishtuka, kisha akacheka. "Sijakosea, binti yangu. Huyo si maiti. Ni mimi."

"Ni wewe nani?"

"Dimitar. Huyo hapo juu. Naleta witiri kila mwaka ili huko mbinguni wasije wakaliamini jiwe."

Zdravka alibaki nyuma ya mnara, kipande cha mkate mdomoni. Mzee, kama wazee wote waliokaa na kichekesho bila msikilizaji, alimwaga chote. Usiku ule wenzake waliposhambuliwa hakuwepo. Alikuwa mjini Silistra.

"Kwenye mapigano?" aliuliza Bogdana.

"Kwa mjane. Nilimwazima kijana mmoja koti langu, vyeti vyangu mfukoni. Aliyekufa ndani ya koti akawa mimi. Niliporudi kusema nipo hai, mkubwa mmoja wa Chama akaniambia: 'Ndugu, jiwe limeshachongwa, na shairi limeshatungwa. Utamfanya nini mtunga shairi?' Basi nikarudi Silistra."

"Na mkeo?" Hiyo ilikuwa sauti ya Zdravka. Alikuwa ametoka.

Mzee alimtazama. "Alinitafuta akanipata. Akasimama mlangoni, akamwona yule mjane, akanitazama juu mpaka chini. Akasema, 'Kaburi limekupendeza, usilivue.' Akaondoka na mtoto mgongoni."

"Mtoto huyo hakumbuki kitu," alisema Zdravka. "Anaitwa Zdravka Dimitrova. Jina la pili amepewa na hilo jiwe."

Mzee akavua kofia. Ile hadithi yake nzuri ikamwishia papo hapo. Bogdana alijifanya anafunika chupa ya chai.

"Nilikusikia ukikariri," mzee alisema mwishowe. "Lile shairi. Mara mbili nilikuja nikasimama kule penye miti."

"Mara mbili! Mimi nimelikariri miaka kumi, na kamasi juu."

"Nitukane, mwanangu. Ni haki yako."

Zdravka alifungua mdomo kutukana, na matusi ya bandarini alikuwa nayo, tena ya lugha tatu. Lakini kilichotoka ni swali.

"Kijana wa koti aliitwa nani?"

"Eh?"

"Aliyekufa. Ana jina?"

"Stamen," alisema mzee. "Hakuwa na mtu wa kumuulizia. Kijana mcheshi sana. Alikuwa akila kwa kijiko chake mwenyewe cha mti, hamwazimi mtu, mimi nikabaki nakula kwa vidole."

Mashoga wawili wakatazamana.

"S," alisema Bogdana.

Zdravka akainama. Akaokota ua moja kati ya yale matatu, akayapanga mawili yaliyobaki sawasawa chini ya jiwe, kama inavyostahili maiti. Nusu karne, na hayo ndiyo yalikuwa maua ya kwanza ya Stamen. Kisha akamwendea baba yake, akalichomeka lile moja kwenye tundu la kifungo cha koti, kwa nguvu zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Hili lako. Sikukuu njema. Ngano nitamchemshia Stamen. Sasa ingia garini, utupeleke kijijini, miguu yangu imekufa ganzi."

Tinka alikuwa ndiyo kwanza anafungua mlango wa makumbusho.

"Badilisha kibao cha kijiko," Zdravka alimwambia kabla ya salamu. "Hiyo S si ya uhuru. Ni ya Stamen."

"Ehe! Na nani kasema?"

Zdravka akachukua jozi ya malapa ya sufu kapuni, akamwekea mzee miguuni.

"Marehemu," alisema.